Kazi ya Dole Gumba

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya baiskeli, mkabala na duka la vioo. Spana, fundi wa karakana hiyo, anakaa mwisho. Mwalimu mstaafu anakaa katikati na gazeti la juzi. Mama Buli anatumiminia kahawa. Asubuhi ile Lenzi, mpiga picha wetu, alikuja na bahasha, akakaa bila hata salamu. Jumamosi alipiga picha za harusi, na bibi harusi alikuwa njiani kuja kuzichukua.

— Picha moja imeharibika, akasema. Tena ndiyo yenyewe.

Baba wa bibi harusi alipooza upande mmoja mwaka juzi. Tangu hapo hakuwahi kusimama bila kushikwa. Siku ile muziki ulipoanza, akasimama. Lenzi akabonyeza, na papo hapo mhudumu akakatiza na sinia la soda. Chupa zimetoka safi hadi matone unayahesabu. Mzee, nyuma yake, ukungu mtupu.

— Kamera yako ina mtoto wa jicho, akasema Spana.

— Wapi! Mwalimu akadakia. Hizi za kisasa zinafikiri. Imeona soda, ikashikwa na kiu.

— Au imempenda mhudumu, akasema Spana. Alikuwa amependeza?

— Nyie, mwenzenu ana lake moyoni, Mama Buli akawakata.

Lenzi akaitoa kamera.

— Kosa langu. Kidole kimoja nilikipa kazi mbili. Nikibonyeza kitufe nusu, kamera inamtafuta mtu imtoe safi, nikimalizia, inapiga. Kwa hiyo kila nikipiga, inatafuta upya, na anayekatiza ndiye inayemdaka. Jana nimezitenganisha kazi hizo. Kazi ya kutafuta nimekipa kitufe hiki cha nyuma, cha dole gumba. Cha juu kinapiga tu.

— Hebu tuone, akasema Spana, akifuta grisi kwenye suruali.

Akamlenga Mwalimu, akabonyeza cha nyuma, picha ikatulia.

— Sasa achia dole gumba, akasema Lenzi. Mama Buli, katiza mbele!

Mama Buli akapita na buli lake, Spana akabonyeza cha juu. Tukakusanya vichwa kwenye kioo cha kamera. Buli ukungu, Mwalimu safi, mpaka kishimo cha kidevuni.

— Dole gumba lina akili kuliko mwenyewe, akasema Mwalimu, na Spana akacheka. Lenzi hakucheka.

— Ningejua Jumamosi, akasema.

Bibi harusi akafika akiwa na kandambili, hina bado mikononi. Akatuamkia wote, akapokea bahasha. Lenzi akaanza:

— Dada yangu, kabla hujafika ile ya baba...

Lakini alishaifikia. Akaitazama kwa muda mrefu. Mzee yule wa ukungu alikuwa wima, mikono yote miwili hewani.

— Mimi nilikuwa nimegeuka, akasema polepole. Niliposikia vigelegele, alikuwa ameshakaa. Nikimuuliza anatabasamu tu.

Akamwonyesha Lenzi picha.

— Wewe ulikuwa unamtazama. Nani alimwinua?



— Nilikuwa natazama kamera, akasema Lenzi.

Spana akaichukua picha kwa ncha za vidole, akampa Mwalimu. Mwalimu akavaa miwani, akaisogeza karibu, akaiweka mbali. Kando ya mzee hapakuwa na mkono wa mtu.