Kiguu na Njia na Majani ya Kukinga Masikio

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja kidogo. Ingawa huyu tunayemkumbuka leo, kuketi kulimshinda.

Wiki hii amezikwa mkemia wa mimea. Nyumbani walimwita Kiguu na Njia. Alikula amesimama. Alizungumza na simu huku akiizunguka meza. Mama yake alizoea kumwambia kwamba kiti hakina miiba, naye alicheka, akazidi kuzunguka.

Kaka yake mkubwa alikuwa fundi katika kiwanda cha kufuma nguo. Mashine zilinguruma kutwa. Siku moja mama alimwita kaka huyo kula, hakugeuka. Akamwita tena. Mama akadhani ni kiburi. Dada mtu, ndiye huyu mkemia wetu, akaweka sahani chini, akaenda nyuma ya kaka yake, akamnong'oneza jina lake la utotoni. Hakusikia. Tangu siku hiyo dada hakutulia.

Ndani ya sikio, wasikilizaji wapendwa, mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele kali huviua. Vikifa, havioti tena. Mkemia wetu alitafuta viambata vya mimea vya kuvikinga. Kuvikinga, si kuvifufua. Hilo alilirudia kila alikokwenda.

Alijaribu majani haya, akatupa. Akajaribu mizizi ile, akatupa. Mwishowe majani machungu ya kichaka kimoja cha porini yakampa tumaini. Panya walionyweshwa maji yake, kisha wakawekwa kwenye kelele, walibaki wakisikia kuliko wenzao. Lakini baadhi yao maini yaliharibika. Sikio limepona, ini limeoza. Alilia kwa hasira, akaanza upya.

Habari haina breki. Msimamizi wa kiwanda alifika maabara akihema, akitaka dawa hiyo kwa wafanyakazi wote. Mkemia akamuuliza habari za vifuniko vya masikio. Yule bwana akasema, dawa ikiwapo, vifuniko vya nini tena? Mkemia akamfungulia mlango, akamwonyesha njia.

Kaka naye akapata habari. Akaja, uso umemkunjamana.

"Dawa unayo. Unampa panya, mimi ndugu yako unaninyima?"

Dada alizunguka chumba kizima kabla ya kujibu.

"Panya akifa nitahuzunika. Ukifa wewe, kaka, mama nitamwambia nini?"

Ilibidi aseme mara mbili. Mara ya kwanza kaka hakusikia.

Wakanuniana kwa muda mrefu. Na yeye, asiyeweza hata kungoja chai ipoe, akalazimika kungoja majaribio. Haraka yake akaipeleka kwingine. Akaenda kiwandani, akafukuzwa, akarudi. Akasumbua ofisi hii, akasumbua ile, mpaka vifuniko vya masikio vikaletwa. Wa kwanza kuvivaa alikuwa kaka yake. Alivivaa bila kumtazama dada usoni, lakini alivivaa.

Kisha maradhi yakampata dada, kabla dawa haijajaribiwa kwa binadamu. Narudia, wasikilizaji: haijajaribiwa kwa binadamu. Hata kitandani vidole vyake vilitembea juu ya shuka. Kaka alikaa naye mpaka mwisho. Haya ni maneno yake:

"Sauti ilikuwa imemwisha. Nikainama, nikatega lile sikio lenye nafuu. Nikasikia 'usi', basi. Mpaka leo sijui alisema usilie, au usinywe. Yale majani sinywi. Hilo lingine limenishinda."

Tunampa pole mama yake mzazi, kaka yake, na wenzake wa maabara, ambao wanasema kazi inaendelea. Mungu awape moyo wa subira. Nasi tuliobaki tujiulize: mbona tunaikimbilia dawa, mashine ingali inanguruma na sikio liko wazi? Wewe unayeingia kazini sasa hivi, ziba masikio yako kwanza. Kuna mtu nyumbani ana neno la kukwambia, na huenda akalisema kwa sauti ndogo.