Jiwe la Waziri Kwenye Lango la Hestvær

Mheshimiwa Torleiv Aschim, Waziri mstaafu wa Ulinzi, Mheshimiwa Meya, makamanda, viongozi wa Chama cha Wahafidhina mliotoka Oslo, na ninyi wenzangu wa kisiwa cha Hestvær mliosimamishwa nyuma kabisa kwenye upepo, hamjambo.

Mimi Solfrid, mwenyekiti wa chama hapa kisiwani, nimeombwa nimsifu mgeni wetu anapoagana na siasa, kisha nivute kamba hii, kitambaa kianguke, jiwe lenye jina lake lionekane hapa kwenye lango la kambi ya jeshi. Basi nimsifu. Aliingia bungeni angali kijana, akapanda hadi uwaziri bila kumkanyaga mtu yeyote mkubwa. Nani kati yenu amewahi kuvaa koti la jeshi likamkaa vizuri kama yeye? Nani ametamka neno "usalama" mara nyingi kumshinda?

Mheshimiwa, wakati wa kampeni ulikuja jikoni kwangu. Ulivua viatu mlangoni kama sisi, ukanywa kahawa, ukajikatia jibini letu la kahawia. Tukakuuliza kuhusu helikopta ya uokoaji iliyokaa kambi hii. Ukasema, "Dada Solfrid, maadamu mimi ni waziri, ile helikopta hakuna mtu atakayeigusa akaiondoa. Lala usingizi." Kaka yangu Eilif, mvuvi, akakuomba uyaseme hayo gazetini. Jiko zima likamcheka. Kwetu hapa mtu akishatoa neno mezani, na viatu vyake viko mlangoni, nani atamwomba ushahidi? Tukapita nyumba kwa nyumba tukikutafutia kura.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, helikopta ikahamishiwa kusini. Ulieleza kwenye televisheni kwamba mahitaji ya taifa yamebadilika. Bahari yetu haikuwa imebadilika hata kidogo.

Februari, mashua ya Eilif ilipinduka pale, nyuma ya mnara wa taa. Alikuwa ameng'ang'ania ubavu wa mashua, nasi tukimwona kwa darubini. Waliojaribu kumfuata walirudishwa na mawimbi. Wifi yangu Åsne, mke wa Eilif, alikuwa akiniuliza neno moja tu: "Wanakuja? Solfrid, wanakuja?" Walikuja, kwa helikopta kutoka kusini. Eilif alikuwa ameshaachia.

Nina hasira, Mheshimiwa, na sitaimeza kwa ajili ya kahawa inayotungoja ukumbini. Hukupiga hata simu ya pole. Na leo, ili uje kusoma jina lako langoni, umevuka bahari ileile kwa helikopta, ukatua kwenye uwanja uleule uliotufungia. Huoni haya?

Nawashukuru nyote mliovumilia baridi mkanisikiliza. Kamba sitaivuta. Namkabidhi Åsne, yule pale mwenye kofia nyekundu. Anayetaka jiwe hili lionekane, akamwombe yeye.