Historia ya Fundi Aliyekataa Kupumzika

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wenzake, wateja, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, historia hii inasomwa na mwanawe wa kwanza kwa niaba ya familia, ingawa ni haki mjue mapema kwamba familia haikukubaliana juu yake, kwa kuwa Mjomba, mdogo wa marehemu, aliandika ukurasa mmoja safi ambamo miaka kumi na mitano ya ujane ilipewa mstari mmoja tu, kwamba baada ya kufiwa na mume wake, marehemu aliendelea vizuri na maisha. Ukurasa huo umebaki nyumbani. Mjomba, utuwie radhi, lakini hakuendelea vizuri, na sisi tunajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, katika chumba cha tatu cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwasha taa za ishara na mama yake akifua nguo za watu, na inasemwa alishika sindano kabla hajajua kufunga viatu. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, ambako aliadhibiwa mara nyingi kwa kuwashonea wenzake vifungo wakati wa hesabu, na mwalimu huyohuyo aliyemwadhibu akamletea koti lake lililochanika kwapani. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ushonaji, akamaliza Novemba 1969 akiwa wa pili darasani, na huyo wa kwanza, alipenda kusema marehemu, hakuwa na mkono wa kushona bali alikuwa na shangazi ofisini.

Tarehe 2 Machi 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, meza ya kola, na hapo ndipo alipokutana na mkataji mmoja mrefu, mpole, aliyefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto hata watu wakasahau jina lake wakamwita Mashoto. Mashoto alikuwa na mkasi wake mwenyewe, uliotengenezwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, ambao ukiushika kwa kulia hutafuna kitambaa badala ya kukikata, naye akaanza kukata kola kubwa kuliko kipimo, makusudi, ili zirudishwe, ili yule fundi wa kola aje mwenyewe kugomba. Aligomba miezi saba. Msimamizi alipowaita ofisini kuwauliza kulikoni, wenyewe walikuwa wameshaelewana, wakafunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972, wakajaliwa watoto wawili, anayesoma historia hii, aliyezaliwa mwaka 1974, na dada yake muuguzi, aliyezaliwa mwaka 1977.

Mwaka 1984 waliacha kiwanda wakafungua chumba chao cha ushonaji mbele ya nyumba, meza moja ndefu na cherehani mbili, na kwa miaka ishirini na mitano Mashoto alikata na mkewe akashona. Yeye mke hakukata hata kiraka, alinyoosha tu mkono wake wa kulia pembeni, bila kutazama, na kitambaa kilikuwa pale.

Mashoto alifariki kwa kiharusi tarehe 3 Juni 2009, na hapa ndipo penye kosa, nalo si la marehemu. Wiki moja baada ya mazishi, mwanawe wa kwanza, kwa nia njema, na nia njema imebomoa nyumba nyingi, aliamini kwamba mama hatapona akiwa anatazama vitu vya baba, basi mama akiwa amelala alifungasha kila kitu, akakitia chumba kufuli, mkasi akampa fundi wa mtaa wa pili ambaye wala hakuwa mashoto, na mama mwenyewe akamhamishia kwake.

Alikaa huko miaka miwili na miezi minne, katika chumba chenye dirisha kubwa na televisheni, kati ya watu saba, na alikuwa mpweke kuliko mtu yeyote katika mji huu. Akishika kisu amenye kitunguu, ananyang'anywa, pumzika Mama. Akiulizia chumba chake, pumzika Mama. Wageni waliambiwa anaendelea vizuri kwa sababu halii mbele ya watu, na sisi tuliona, tukajifanya hamnazo, kwamba kila asubuhi akiwa ameketi kitandani alinyoosha mkono wa kulia pembeni, akausubirisha hapo, kisha akaurudisha mapajani. Alimlilia mume wake kwa mkono huo, siku baada ya siku, na sisi tukazidi kumwongezea mito.

Jumatatu ya tarehe 17 Oktoba 2011, akiwa na miaka sitini, marehemu alitoka na mkoba mmoja bila kuaga, akalivunja kufuli la chumba chake kwa nyundo, kisha akaenda kwa yule fundi kudai mkasi wa mume wake. Fundi, aliyekuwa akiutumia kukatia mazulia ya plastiki, alisema zawadi hairudishwi, naye akamjibu kwamba aliyeitoa hakuwa mwenye mali, akavuta kigoda, akakaa mlangoni siku tatu tangu kufungua hadi kufunga, akiwasalimia wateja mmoja mmoja na kuwaeleza amekaa kwa ajili gani. Siku ya nne asubuhi mkasi uliletwa nyumbani umefungwa kwenye gazeti.

Akaunoa, kisha, badala ya kununua mkasi wa kulia kama mtu mwenye akili zake, ndivyo tulivyosema, akaanza kujifunza kukata kwa kushoto. Aliharibu vitambaa kumi na vinne, likiwemo gauni la mwalimu mkuu. Mjomba alisema huzuni imempanda kichwani, mkwewe alimnunulia mkasi mpya unaong'aa, naye akashukuru sana, akawa anafungulia pakiti za unga. Alipoulizwa kwa nini anajitesa, alijibu kwamba chumba kile kiliendeshwa na mikono miwili, wa kulia na wa kushoto, na kwamba yeye hakukubali wa kushoto uzikwe. Hakupona huzuni, na asije mtu hapa akasema alipona. Alilia akikata, machozi yakifuta chaki, akachora upya, akakata.

Kufikia mwaka 2013 mkono ulinyooka, ila kila nguo yake ilitoka na mkono wa kushoto mrefu kwa kidole kimoja, na wateja hawakukimbia, wako humu ndani wamezivaa, tafadhali msianze kutazamana. Alishona mapazia ya hospitali na sare za shule tatu hadi Novemba 2023, alipoanza kusumbuliwa na moyo, miguu ikavimba, akalazwa mara mbili, na mara zote mbili alimuuliza daktari ni nani aliyekata mashuka yale, na kama alikuwa amelewa. Alifariki Jumanne, tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, chumbani mwake mwa kazi, mkono wa kushoto ukiwa umeshikwa na binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliompigia hodi kila siku hata alipowafukuza, mafundi wenzake waliofunga milango yao leo, na yule mhudumu wa chumba cha maiti aliyetaka kumkunjia mkono wa gauni uliozidi, akaambiwa auache ulivyo, akauacha.

Hapa ndipo msomaji humwambia marehemu apumzike. Mimi sitamwambia. Nilimwambia neno hilo miaka miwili na miezi minne, nusura limuue. Na kwa kuwa kikao cha familia kimeniagiza nifungashe vitu vyake kabla ya Jumamosi, ili tusiumie kuvitazama, jibu langu nalitoa hapa mbele ya mashahidi. Chumba hakifungwi. Tutavitazama, tutaumia. Mkasi uko mfukoni mwangu, umeshatoboa bitana ya koti. Nenda kwa amani, Mama. Safari hii simpi mtu.