Wasifu wa Kaka Yetu Beleshi, Aliyeutetea Mtambo wa Makaa

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Beleshi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika chumba cha nyuma cha duka la baba, fundi cherehani. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mama alisimulia kwamba alizaliwa na sauti ya kuita watu. Akilia, mtaa mzima ulijua mtoto wa fundi ana njaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1979. Hesabu alizipenda, lakini kubishana alikupenda zaidi. Mwalimu mkuu alimwita baba akamwambia, "Mtoto wako akishaamini kitu, hata umchape hakitoki." Baba alirudi akiwasimulia majirani neno hilo kama sifa.

Tarehe 4 Februari 1981 aliajiriwa katika mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kazi ya kupakia makaa kwa beleshi, na jina likamnasa hapo. Alipanda ngazi hadi kuwa msimamizi wa zamu. Alikuwa akirudi nyumbani vumbi jeusi limemkaa kwenye kope, kama bibi harusi aliyepakwa wanja, nasi wadogo zake tukimcheka. "Chekeni," alikuwa akisema, "ila taa mnayochekea naiwasha mimi."

Kazini alipata rafiki wa kufa na kuzikana, mhandisi kijana ambaye baadaye alikuja kuwa meneja wa mtambo. Tarehe 15 Agosti 1987, kaka alipofunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, rafiki huyo ndiye aliyemsimamia.

Watu walipoanza kusema kwamba moshi wa makaa unaipasha dunia joto, meneja alimtuma kaka akawajibu. Alizungumza mashuleni, redioni na kwenye mikutano ya wafanyakazi. "Jua lilikuwa kali hata wakati wa babu zetu," alisema. "Hayo mabadiliko ya tabianchi ni maneno ya watu wanaotaka tulale gizani." Aliyasema kwa moyo mweupe. Binti yake mkubwa alipotaka kusomea ufundi wa umeme wa jua, alimwambia, "Nenda, ila usije ukanililia." Binti akahamia kwangu, na kwa miaka mingi hawakusemezana. Mwaka 2014 chuo cha ufundi kilipofungua mafunzo hayohayo ya sola kwa wafanyakazi wa mtambo, kaka aliwashawishi wenzake wasiende. Walimsikiliza, kwa sababu hakuwahi kuwadanganya.

Mwaka 2016 tangi la maji la nyumbani kwa meneja lilivuja, kaka akapanda juu ya paa kusaidia. Upande wa nyuma, usioonekana barabarani, alikuta paneli za sola zimetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, tena si mpya. Akamwuliza mwenyewe. Meneja akacheka. "Ah, mambo ya shemeji yako hayo, anapenda vya kisasa. Ya juu ya paa yaishie juu ya paa." Kaka naye akacheka, akashuka. Baadaye alituambia, "Ningemwuliza nini zaidi? Mtu aliyenisimamia ndoa."

Mtambo ulifungwa tarehe 30 Juni 2018. Pale palipokuwa na lundo la makaa zikasimamishwa paneli, na siku ya uzinduzi aliyepanda jukwaani kama mkurugenzi wa mtambo mpya alikuwa meneja yuleyule. Kaka alikaa viti vya nyuma na wenzake wa zamu, ambao hakuna hata mmoja aliyechukuliwa, kwa kuwa hawakuwa na mafunzo. Mkurugenzi akasema, "Sisi tulijua tangu zamani kwamba makaa yanaharibu hali ya hewa. Tulijiandaa mapema."

Kaka alimgeukia mchomeleaji vyuma aliyekaa kando yake. "Amesema tulijua?"

"Amesema hivyo," akajibu yule. "Wewe ulijua?"

Kaka alishindwa kumjibu. Leo sisi familia yake tunamjibu kwa niaba yake, mbele yenu nyote: hakujua.

Baada ya hapo alipita nyumba kwa nyumba. "Nilidanganywa, nami nikawadanganya. Nisameheni." Wengine walimpa kiti. Wengine waliongea naye dirishani. Mchomeleaji hakumfungulia. Mwisho alikuja kwangu, akasimama mlangoni mbele ya binti yake, akasema, "Nifundishe hiyo kazi yako." Binti akamwambia, "Ingia kwanza ukae, baba."

Mwaka 2020 alianza kukohoa. Madaktari walisema mapafu yamejaa vumbi la makaa. Alilazwa mara nyingi, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza shingo kutazama. Hatukumwuliza anamngoja nani. Meneja hakuja hata mara moja. Kaka alifariki asubuhi ya tarehe 11 Oktoba 2023, mkewe akimfuta uso.

Jana meneja alituma ujumbe kwamba angependa kusema machache hapa makaburini. Wifi akajibu, "Mwambieni aje azike kama watu wengine. Maneno yake tulishayasikia."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na sisi ndugu zake watatu.

Kaka, Mungu akupe pumziko. Ulikosea kwa kumwamini mtu, ukaenda kwa miguu yako kusema umekosea. Aliyejua tangu mwanzo hajagonga mlango wa mtu yeyote hadi leo.