Tango Kumi na Tisa na Betri Moja: Kumuaga Veijo Hyttinen

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, saa nane mchana, Veijo Hyttinen, fundi wa Maktaba ya Kallavaara, anakabidhi funguo za chumba cha muziki na kustaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano ya utumishi. Ametuonya mapema: "Mkinisifu, naondoka kabla keki haijakatwa." Keki yenyewe ni ya stroberi, na mkewe Orvokki ameshaikodolea macho. Kwa hiyo humu hamna sifa. Tunaeleza tu yaliyotokea.

Aliajiriwa Januari 1990 kutengeneza mashine ya fotokopi. Mashine ile haijapona mpaka leo. Yeye husema bado anaichunguza. Mwaka 1998 mkurugenzi wa wakati huo alimwagiza apeleke dampo kompyuta sita zilizopitwa na wakati. Veijo ni mtu wa kutii. Alizipakia zote sita, akaenda, akarudi na kumi na moja, pamoja na mfuko mzima wa mashine za gemu za mkononi, zile za kijivu. Alipoulizwa kulikoni, alijibu, "Dampo limejaa." Mkurugenzi akaona yaishe.

Ndivyo chumba cha muziki kilivyozaliwa. Kompyuta zile hutoa sauti tatu tu kwa mara moja. Anayetaka ya nne, Veijo humwelekeza kanisani, kwenye kinanda. Programu husomwa kutoka kwenye kanda kwa dakika kumi na nne, na muda wote huo watu hukaa wamevua viatu, hawanyanyui mguu, maana sakafu ikitikisika tu mashine hukosea na kazi huanza upya. Wageni hudhani tunasali.

Mwaka 2003 kanda moja iliazimishwa kimakosa pamoja na kanda za kujifunzia Kiitaliano. Bi Hellin Vanhala, mwalimu mstaafu, aliisikiliza mikwaruzo ile yote akairudisha kwa wakati. "Upande wa pili umetulia zaidi," alisema, "ila matamshi bado yananishinda." Veijo hakucheka. Alimwalika aje Jumatano asikie mashine yenyewe, na tangu siku hiyo Jumatano za Bi Hellin ni zetu. Yeye, Veijo na wenzao wawili waliunda bendi, wakaiita Betri Nne kwa sababu ndizo zinazohitajika kuwasha mashine moja ya gemu, na wao pia walikuwa wanne.

Betri Nne hupiga tango, ile dansi ya polepole ya wawili wawili. Wengine duniani hutumia mashine hizo za gemu kwa muziki wa kurukaruka. Sisi tunazipigia tango la huzuni, na ukumbi wa chini hujaa. Wazee waliosema "hizo ni kelele za mbu" sasa huja na viatu vya kuchezea ndani ya mfuko. Veijo alitunga tango kumi na tisa ndani ya kadi moja ya gemu. Hilo la kumi na tisa alilitunga kwa ajili ya leo, na hakumruhusu mtu kulisikia, hata Orvokki.

Sasa tufike pale ambapo mwandishi wa wasifu huu angependa kuruka.

Februari, Veijo alikwenda likizo ya wiki ya theluji. Juu ya kadi yake aliacha karatasi: "Betri inachoka." Kadi hiyo, kile kipande cha plastiki kinachochomekwa nyuma ya mashine, huhifadhi nyimbo kwa nguvu ya betri ndogo iliyolehemiwa ndani. Ukiitoa betri, nyimbo zote zinafutika. Fundi huzinakili kwanza. Mwandishi si fundi, ni karani wa dawati la kuazima aliyefundishwa kulehemu na Veijo mwenyewe wakati wa vuli, na alikuwa na kiherehere cha kumfurahisha mwalimu wake. Akabadilisha betri. Akajipongeza kwa kikombe cha kahawa.

Veijo aliporudi, aliwasha mashine. Tupu. Akasema, "Haya," akaenda kukata mkate wa mdalasini. Kwenye daftari la matengenezo aliandika: "Betri imekufa kwa uzee." Mwandishi akafyata ulimi. Miezi mitatu nilifyata, na kila Jumatano nilipomwona Bi Hellin akimpa pole kwa msiba wa betri, nilikwenda kupanga upya vitabu vilivyokwisha kupangwa.

Jumanne hii, nikiwa na rasimu ya wasifu huu mkononi, nilishindwa. Nilimfuata nikamwambia kila kitu. Hakuinua macho kutoka kwenye fotokopi.

"Nilijua, Marketta. Betri iliyokufa kwa uzee haing'ai vile."

"Sasa mbona uliandika uongo kwenye daftari?"

"Ningekukaripia, usingegusa mashine tena. Nani ningemwachia funguo?"

Nililia, nakiri. Yeye akaona aibu kwa niaba yetu wote wawili, akanipa bisibisi nimshikie. Nilipomuuliza kuhusu lile la kumi na tisa, alisema lilikuwa refu mno. Tangu Machi ametunga jingine, fupi, limo ndani ya kadi ileile, juu ya betri niliyoiweka mimi.

Litapigwa leo baada ya keki. Kwa miaka yote Veijo hajawahi kucheza tango lake hata moja, kwa kuwa lazima mtu ashike mashine, na Orvokki amekaa kwenye kiti cha pembeni na viatu vyake vya kuchezea akimngoja. Leo mashine naishika mimi.

Asante, Veijo, kwa kila ulichokataa kutupa. Tunakuombea siku njema na Orvokki, kahawa ya moto, na fotokopi isikufuate nyumbani. Nimenakili tango lako mara tatu, na betri hii inadumu miaka kumi na mitano. Chezeni bila haraka.

Marketta Ojakangas, dawati la kuazima