Ndiyo ya Kwetu: Maisha ya Sista Rahelamma Pothen, 1951–2023

Baba Paroko, ndugu wa ukoo wa Thekkedathu, majirani zetu wa Manimala na ninyi mliosafiri kutoka mbali, mimi niliyesimama hapa ni Avarachan, mdogo wa marehemu, mtu wa kugema utomvu wa mpira wala si mtu wa maneno, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome kwa sababu wakubwa wetu wote wametangulia na vijana wetu karibu wote wako ughaibuni, kwa hiyo naomba mnivumilie nikikwama.

Dada yetu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Aprili 1951, hapa hapa Manimala, wilaya ya Kottayam, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Kuruvilla na marehemu Eliamma, na kwa kuwa ilikuwa siku ya Vishu, mwaka mpya wa majirani zetu Wahindu, nao walikuwa wakilipua fataki tangu alfajiri, mama alipenda kusema kwamba huyu mtoto kapokelewa duniani kwa baruti, ndiyo maana hashtuki. Alibatizwa katika kanisa hili Mei mwaka huo huo, akaanza shule ya msingi ya parokia mwaka 1957, akamaliza sekondari Machi 1968, na katika miaka hiyo yote alikwenda shule kwa miguu, muhogo na samaki mkavu vikiwa vimefungwa kwenye jani la mgomba, na mimi nikiwa nyuma yake nikilalamika kwamba anatembea haraka mno.

Mwaka 1969 paroko wa wakati ule alitangaza kwamba hospitali za Ujerumani zinatafuta wasichana wa kusomea uuguzi, na dada akaandikisha jina lake kabla hata ya kumwambia baba. Wazee wenzangu hapa mnakumbuka uuguzi ulivyodharauliwa zama zile, wala msijifanye mmesahau, maana mmoja wa majirani, ambaye leo wajukuu zake wanne ni wauguzi, alikuja hadi barazani kwetu akasema, "Kuruvilla, nani ataoa mkono uliokwisha kuosha wanaume usiowajua?" na baba, aliyekuwa ananoa kisu chake cha kugemea, akamjibu bila kuinua macho, "Mwanangu anakwenda kushika wagonjwa, wako wanashika nini?" Basi tarehe 6 Oktoba 1970, akiwa na miaka kumi na tisa, akiwa na sari mbili na chupa ya achari ya embe, dada aliondoka na wasichana wengine kumi na mmoja kwenda Köln.

Hapo ndipo lilipomkuta jambo ambalo lazima nilieleze vizuri, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo. Wajerumani wakitaka kusema ndiyo kwa kichwa, hushusha kidevu na kukiinua, na wakitaka kusema hapana hukipeleka kichwa huku na huku, na sisi, kama mjuavyo tangu mkiwa kiunoni mwa mama zenu, ndiyo yetu ni kukiyumbisha kichwa taratibu kutoka bega hadi bega, kama mtu anayesikiliza wimbo. Dada alikuwa bado hajaijua lugha yao, kichwa ndicho alichokuwa nacho, na asubuhi ya tarehe 11 Februari 1971 muuguzi mkuu wa wodi alimuuliza kama mgonjwa wa kitanda cha saba amekwisha kupewa dawa yake ya moyo, dada akajibu ndiyo ya kwetu, mwenzake akasoma hapana, na mzee yule akapewa dawa ileile mara ya pili.

Mgonjwa huyo alikuwa dereva mstaafu wa tramu aitwaye Lammers, na kwa siku tatu moyo wake ulikuwa unakwenda na kusimama, dada akikaa kando ya kitanda bila kula, akiwa amekwisha kufunga sanduku lake ili arudi nyumbani kwa aibu. Siku ya nne mzee alifumbua macho, akaelezwa yaliyotokea, akacheka hadi wakaogopa moyo utamsimama tena, kisha akamwambia, "Binti, sisi Wajerumani ni wagumu wa shingo, hatutajifunza kichwa chako, jifunze wewe chetu," na kila asubuhi kwa wiki sita alimfundisha kuitikia kwa kidevu, juu na chini, kabla hajakubali kunywa chai yake. Dada alimwandikia mama barua akasema, "Mama, huku hata kichwa nimekianza darasa la kwanza." Mzee Lammers aliishi miaka mitatu zaidi, na alipofariki mwaka 1974 aliyemfumba macho ni dada yetu.

Alihitimu uuguzi Septemba 1973, akafanya kazi katika wodi za wazee kwa miaka thelathini na saba, akapanda hadi kuwa muuguzi mkuu wa wodi, na wote waliofanya kazi chini yake, Wakorea, Wafilipino, Waturuki na Wajerumani wenyewe, walijua kwamba ukiulizwa jambo la dawa na Sista Rahelamma, sista wa wodi wala si mtawa, unajibu kwa mdomo, kwa sauti, hata kama kichwa chako kimekwisha kujibu. Mwaka 1998 alialikwa kuzungumza katika mkutano wa wauguzi wa mataifa mengi, na picha ya siku hiyo iko ukutani kwake hadi leo, akaniambia kwamba mabwana wakubwa walizungumza siku nzima juu ya nchi gani imepungukiwa na wauguzi wangapi, na yeye alipopewa dakika zake aliwauliza swali moja tu, kwamba muuguzi akitoka nchi hii kwenda kumwosha mama wa nchi ile, mama yake mwenyewe anaoshwa na nani, na wao wakatangaza chakula.

Alifunga ndoa na marehemu Pothen, karani wa uchapaji, Jumatatu tarehe 24 Mei 1976 katika kanisa hili, na shemeji yetu huyo mpole alimfuata Ujerumani, akavumilia utani wa wanaume wa kijiji hiki waliomwita sari ya pili ya mkewe, akapika mchuzi wa samaki wa ukwaju kila jioni ili mkewe akirudi kutoka zamu akute nyumba inanukia kwao. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti yao Leena, aliyezaliwa Köln tarehe 3 Novemba 1980, ambaye naye ni muuguzi, na ambaye yuko hapa mbele yetu, ameketi karibu na jeneza, ameinamisha uso.

Sasa naomba mnipe nafasi ya kukiri jambo, kwa sababu historia ya marehemu ikisomwa kwa kuruka makosa ya msomaji inakuwa tangazo tu. Mama yetu alifariki Jumatatu tarehe 9 Januari 1978, dada akiwa zamu, na hadi simu ya maandishi ilipomfikia, na ruhusa ikapatikana, na ndege ikapatikana, alifika hapa siku ya kumi na moja, akakuta maua yamekwisha kunyauka juu ya kaburi. Alikaa pale chini akasema, "Avarachan, kwa mwaka mmoja nimewafumba macho wazee kumi na wawili, na mama yangu kafumbwa macho na jirani," na mimi, badala ya kumshika mkono, nilimwambia, "Unawauguza wa watu, wako umemwachia nani?" Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu, lakini unavunja mifupa. Sikumsemesha tena hadi siku ya kuondoka, pale kituo cha basi, nilipomwomba msamaha dirishani, na basi likiwa limekwisha kuanza kwenda, dada, ambaye kwa miaka saba hakuwa ameitumia ndiyo ya kwetu hata kwa bahati mbaya, alinitazama akakiyumbisha kichwa, bega hadi bega, na mimi nikalala usingizi usiku ule.

Shemeji Pothen alifariki tarehe 15 Machi 2009, tukamzika hapa, na Juni 2011 dada alirudi nyumbani moja kwa moja. Siku za mwanzo alikuwa kichekesho cha soko zima, kwani muuza samaki akimuuliza, "Sista, nikate vipande?" alikuwa akishusha kidevu na kukiinua, hadi yule bwana akamwambia, "Mama, mbona unapiga kichwa kama mjusi juani? Sema unataka au hutaki!" Ilimchukua mwaka mzima ndiyo ya kwetu kumrudia. Barazani kwake alifungua darasa la wasichana wanaojiandaa kwenda kuuguza nje, mia mbili na kumi na wawili wamepita pale, wako Ujerumani, Ireland, Kuwait, Oman, Australia na kwingineko, na mimi niliyekuwa nikinywa kahawa pembeni nimesikia mara nyingi akigonga meza kwa rula na kusema, "Binti, kichwa! Ukimjibu hivyo daktari utaniulia Mjerumani!" Kwa Leena tu, alipokuja kwa likizo zake fupi, dada aliendelea kuitikia kwa kidevu, kwa sababu ndivyo alivyomlea, na Leena alipokuwa na miaka saba alituomba ndizi, sisi sote tukayumbisha vichwa, naye akairudisha ndizi mezani huku akilia, tukacheka sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyemweleza.

Jumamosi tarehe 2 Septemba mwaka huu, siku chache baada ya sikukuu ya Onam, dada alianguka mbele ya darasa lake, akapelekwa hospitali Kottayam, ikaonekana ni kiharusi. Kiharusi kile kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikafuta Kijerumani chote, kikafuta na lugha yetu, kikamwachia macho na kichwa. Wasichana wa kijiji hiki ambao wangeweza kumuuguza wako nchi kumi na moja, kwa hiyo aliyemwosha, kumgeuza na kumlisha kwa siku ishirini ni Phulmani, binti wa watu kutoka jimbo la mbali la Jharkhand, ambaye naye amemwacha mama yake mgonjwa huko kwao.

Leena alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi kule Bangladesh, ugonjwa wa kuhara umelipuka, wagonjwa mia na arobaini na wauguzi watano, hakuna wa kumpokea zamu, na siku ya tisa nilimpigia simu, nikiwa na uchungu, nikamwambia maneno nitakayoyajibia mbele za Mungu, maana ni yale yale ya mwaka 1978, neno kwa neno, "Unawauguza wa watu, wako umemwachia nani?" Alifika Alhamisi tarehe 21 alasiri, viatu vikiwa bado na tope la kambi, akapiga magoti kando ya kitanda, akamuuliza mama yake kama amemsamehe, na mama yake akamjibu kwa kichwa, na Leena akafunika uso akatoka nje, akakaa kwenye benchi la ukumbi, hakurudi ndani. Dada yetu alifariki Ijumaa tarehe 22 Septemba, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi mitano na siku nane, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Phulmani.

Sikuyajua hayo ya kichwa hadi leo asubuhi, nilipomwomba Leena aje ale chochote kabla ya ibada, akaniambia kwa lugha yetu anayoizungumza kwa kuokoteza, "Mjomba, mimi siwezi kukaa na waliofiwa, mama alinikataa, nilimwona kwa macho yangu." Tukamwita Phulmani, aliyekuwepo chumbani siku ile, nikamwambia atuonyeshe bibi alivyojibu, na Phulmani akakiyumbisha kichwa taratibu, bega hadi bega, nami nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Leena akasema, "Umeona? Hapana." Nilimweleza, akadhani namfariji, na sishangai, kwa nini amwamini mtu aliyemwumiza kwa simu?

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Kottayam, Baba Paroko na wanakwaya waliokesha kwa zamu, majirani waliojenga turubai mvuani bila kuombwa, wanafunzi wa dada walioimba kwa simu kutoka kila saa ya dunia, wenzake wa Köln waliotuma barua ndefu ambayo tutaitafsiri, na Phulmani, ambaye kuanzia leo nyumba ya Thekkedathu ni kwake, na wiki ijayo tutamsindikiza akamwone mama yake kabla hajachelewa kama sisi tulivyochelewa.

Limebaki moja, na baada ya hapo nakaa chini. Ndugu zangu wote mliomo humu, wazee, akina mama, watoto, nawauliza swali ambalo Leena alimuuliza mama yake, na nawaomba mfunge midomo, mjibu kwa kichwa peke yake, kichwa cha kwetu, mlichorithi bila kufundishwa: je, Sista Rahelamma alimsamehe binti yake?

Leena, mwanangu, inua uso, geuka uwatazame.

Pumzika kwa amani, dada, jibu lako limefika.