Joto la Wodini: Maisha ya Eliseo Nufable (1966–2025)

Eliseo Famatid Nufable, Eli kwa wengi wetu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1966 mjini Miagao, mkoani Iloilo, Ufilipino, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Bonifacio na Mama Trinidad. Alikuwa mbishi tangu utotoni, na hatutasema vinginevyo leo kwa sababu tu amelala hapa mbele yetu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Miagao. Msimu wa mvua sare yake ilikataa kukauka, akawa anaitundika nyuma ya friji la duka la jirani, Osang, tuliyemwita Manang, dada yetu mkubwa.

"Toto, unalitia friji langu homa!" mama yule alifoka.

"Manang, joto lote hili unalitupa bure."

Alifukuzwa, na kesho yake akarudi na shati lile lile. Mwaka 1987 alihitimu ufundi wa mitambo ya ubaridi katika chuo kimoja mjini Iloilo, kisha akafanya kazi kwenye maghala ya barafu bandarini. Tarehe 10 Aprili 1999 alifunga ndoa na Herminia Gallego, mshonaji, mwanamke pekee aliyemweza kwa maneno.

Mwaka 2001 aliajiriwa Hospitali ya Santa Liduvina. Viyoyozi vya hospitali ile vilimwaga joto nje mchana kutwa, huku nyuma ya wodi ya wazazi boila la dizeli likichemsha maji na kutapika moshi hadi kwenye madirisha ya watoto wachanga. Hilo lilimkera mno. "Tunatupa joto dirishani, halafu tunachoma mafuta kulitafuta!" alisema nyumbani, kanisani, hata kwenye ubatizo wa watoto wa watu. Mwaka 2006 akaunganisha mtambo mmoja: pampu ilivuta joto wodini na kulisukumia kwenye matangi ya maji, na vipasha maji vya jua juu ya paa vikamalizia kazi. Wodi zikapoa, maji yakapata moto, boila likazimwa.

Basi, kukazuka kizaazaa! Manang Pasing, mkuu wa madobi, aliuliza joto hilo linatoka wapi. Eli akajibu kwa fahari, "Kwa wagonjwa wodini!" Hapo ndipo alipoharibu. Mchana ule hospitali nzima ilijua kwamba maji yamebeba homa za watu. Madobi waligoma, na akina mama wakaletewa maji ya kuogesha watoto kutoka nyumbani kwa chupa za chai. Mkurugenzi akamwita Eli: "Wiki ikiisha hawajayatumia, boila linawashwa na mtambo wako unang'olewa."

Wiki hiyo hiyo, tarehe 21 Agosti, Herminia alijifungua Mayumi katika wodi ile ya wazazi. Eli akaja na beseni la maji ya mtambo wake.

"Eli, mwanangu si kipimo cha mitambo yako!" mkewe alimwambia mbele za watu.

Kwa mara ya kwanza hakubisha. Alijimwagia beseni zima kichwani, akiwa na nguo zake, akabaki anachuruzika huku wodi nzima ikiangua kicheko. Kisha akalijaza tena na kuchovya kiwiko kupima moto wa maji. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mina, joto tu ndilo linalopita. Maji yamo ndani ya bomba, hayakutani na hewa ya wodi. Ningekuwa na shaka hata chembe, nisingemgusa mtoto."

Herminia akampa mtoto, naye akamwogesha. Mayumi hakulia. Manang Pasing akasogea, akatia mkono. "Ala, kumbe ni maji tu!" Kabla ya jioni mabeseni yalikuwa kwenye foleni. Boila halikuwashwa tena. Pale lilipokuwa, madobi walipanda maua, na hospitali nyingine zikaanza kumwita Eli azijengee mtambo kama ule.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, na Januari 2025 alilazwa hapo hapo Santa Liduvina. Homa ilipompanda alimnong'oneza mkewe, "Usihuzunike, Mina. Homa yangu hii inaogesha watoto huko chini."

"Nyamaza, mbishi wewe," Herminia alijibu huku analia.

Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025. Ameacha mke, Herminia. Watoto, Mayumi na Dionisio. Mama yake mzazi, Trinidad. Na mdogo wake, Teofilo, anayewasomea haya. Ameacha pia watoto wengi wa mji huu walioogeshwa kwa maji yake bila kumjua.

Asubuhi ile Mayumi aliomba yeye mwenyewe amwoshe baba yake kabla hajachukuliwa. Manang Pasing, ambaye sasa ni mstaafu, alimshikia beseni. Mayumi alifungua bomba la ukutani, akachovya kiwiko kama baba, Tay wake, alivyomfundisha, akasubiri kidogo.

"Yana joto la kutosha, Tay," alisema. "Pumzika sasa."